Usinunue ekstruda kwa kuangalia mota

Mwenye kiwanda cha unga wa lishe anapotafuta ekstruda ya skrubu mbili, yaani mashine ya kuupika unga huku ikiusukuma, huuliza mambo matatu: inatoa kilo ngapi kwa saa, mota ina kilowati ngapi, na bei ya mwisho ni ipi. Muuzaji hujibu yote kwa raha, maana hakuna linalombana. La kumbana ni hili: skrubu zake zimepangwaje?

Kwa asiyeijua mashine hii, ndani ya silinda zimelala skrubu mbili sambamba, meno yameingiliana, zote zikizunguka upande mmoja. Unga unaingia mkavu, unaongezewa maji, na baada ya muda mfupi sana unachomoza kwenye matundu ya dai, yaani bamba la mwisho wa silinda, ukiwa umeiva. Usidhani kinachopika ni hita za nje peke yake. Sehemu kubwa ya joto inatokana na donge kukandwa na kusuguliwa, yaani umeme wa mota unageuka kuwa joto humo humo ndani. Umeme huo uingie kiasi gani, na uingilie wapi, ni skrubu inayoamua.

Na skrubu yenyewe si chuma kimoja. Ni vipande vinavyochomekwa kwenye shafti kimoja baada ya kingine, kama nyama kwenye mshikaki, na fundi anaweza kuvipanga upya. Mdomoni panahitaji uzi wa nafasi pana, kwa sababu unga mkavu una ujazo mkubwa. Kipande cha uzi wa kawaida kinasukuma tu. Peke yake hakipiki sana. Kazi nzito inafanywa na visahani vya kukandia. Vikipishana kwa pembe ya nyuzi 30 bado vinasukuma mbele kidogo; vikipishana kwa pembe ya nyuzi 90 havisukumi kabisa, vinakanda tu na kungoja donge la nyuma lisukume la mbele. Visahani vinene vinaponda, vyembamba vinachanganya. Halafu kuna kipande cha rivasi, ambacho uzi wake umegeuzwa. Hicho kinazuia: silinda inajaa nyuma yake, shinikizo linapanda, donge linachelewa na kusagika, na ampea zinapanda papo hapo.

Anayetaka kuyaona haya azime mashine ghafla ikiwa kazini, kisha achomoe skrubu. Mwanzoni atakuta unga bado unga, unapukutika kwa kidole. Mbele kidogo ni donge la rangi ya maziwa. Kwenye visahani limeshikamana na kuvutika. Nyuma ya rivasi limejaa pomoni, linang'aa, limegeuka hudhurungi. Mimi nasoma hapo kabla ya kusoma kitabu chochote cha mtengenezaji.

Kwa uji wa mtoto, mpangilio huu si suala la ufundi tu. Unga wa kawaida unakuwa mzito upesi, mama anaongeza maji, tumbo dogo linajaa maji. Wanga uliovunjwavunjwa vizuri ndani ya ekstruda unatoa uji unaotiririka hata ukiwa na unga mwingi zaidi. Soya nayo ina vizuizi vya tripsini vinavyosumbua umeng'enyaji wa protini, lazima viuawe kwa joto. Ukizidisha, unaharibu lisini, asidi amino muhimu ya protini, ambayo ndiyo hasa iliyotufanya tutie soya, kwa kuwa mahindi yana upungufu wake.

Nimewahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja ambako uji ulinuka soya mbichi. Walikuwa wamepandisha hita mpaka bidhaa ikaanza kuungua kwenye dai, na harufu ipo pale pale. Mashine ililetwa na vipande vya skrubu karibu vyote vya kusukuma. Tulipoongeza visahani na kipande kimoja kifupi cha rivasi, harufu ikaisha na hita tukazishusha. Muuzaji hakuwa amewaachia hata mchoro.

Kupima umeme unaoingia kwenye kila kilo ni rahisi: chukua kilowati mota inazokula, toa zile inazokula ikizunguka tupu, gawanya kwa kilo za saa. Kilowati 30 kwa kilo 250 ni kilowati-saa 0.12 kwa kilo. Badili skrubu, upime tena.

Wapo wanaosema skrubu moja inatosha, na ni rahisi kununua. Kwa mchanganyiko mmoja usiobadilika, sibishani nao sana, ingawa inategemea msuguano na ukuta wa silinda, na mafuta yakizidi inateleza. Ninachoshindwa kuelewa ni kulipia skrubu mbili kisha kuziacha zilivyotoka kwenye boksi miaka yote.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, dai upewe mchoro wa vipande vyote kwa mpangilio wake, na vipande vya akiba: visahani, rivasi, na vile vya karibu na dai, maana huko ndiko mashine inakolika haraka, hasa nafaka ikiwa na mchanga. Muuzaji akikwambia utavihitaji baadaye, mwambie na malipo yatakuja baadaye.