Bundi wa Misri si sarafu bandia

Kuna neno linalonikera kila ninapopitia minada ya sarafu za kale: "bandia". Unakuta tetradrakma, yaani sarafu ya drakma nne, ya fedha safi, iliyogongwa Misri karne ya 4 KK kwa kuiga sarafu ya Athens, na muuzaji kaibandika jina lilelile tunaloliita noti zilizochapwa uchochoroni juzi. Watu wakishaliona neno hilo wanapita, na wanachokipita ni sarafu yenye mengi ya kusimulia.

Yenyewe inajulikana. Upande mmoja Athena na kofia yake ya vita, upande wa pili bundi amekukodolea macho, kando yake kitawi cha mzeituni, mwezi mchanga na herufi tatu za jina la mji. Uzito kama gramu 17.2. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu huanza kuulizana nani mgonjwa, lakini kwa Waathens alikuwa ndege wa Athena, mungu wao wa kike, na fedha ya migodi yao ya Laurion iliaminika mbali sana na kwao.

Misri, kwa upande wake, ilizoea kupima fedha kwa mizani. Lakini mafarao wa karne ya 4 KK walikodi askari wa Kigiriki wa kupigana na Waajemi, na askari hao walizoea kulipwa sarafu. Basi bundi wakagongwa hukohuko. Nani kadanganywa hapo? Uajemi ilipoitwaa tena Misri mwaka 343 KK, mfalme Artashasta wa Tatu naye akagonga bundi, ila herufi za Athens akaziondoa, akaandika jina lake kwa hati ya Kimisri ya demotiki. Mwenye kughushi hatii saini.

Na Waathens wenyewe, waliokuwa na haki ya kulalamika kuliko yeyote, walilitenganisha jambo hili vizuri kuliko wauzaji wa leo. Mwaka 375/4 KK walipitisha sheria iliyopendekezwa na mwenzao Nikophon, ambayo jiwe lake lilifukuliwa sokoni Athens mwaka 1970. Mkaguzi, mtumwa wa dola, aketi kwenye meza za wabadilisha fedha na kuzipima sarafu zinazoletwa. Akikuta shaba au risasi ndani, au sarafu ya kughushi, aikate papo hapo, kisha iwekwe wakfu kwa Mama wa Miungu. Lakini fedha ya kigeni yenye chapa ileile ya Athens arudishiwe aliyeileta. Haikatwi, hainyang'anywi. Mkaguzi asipoifanya kazi yake, viboko 50. Mimi nikisoma hukumu hiyo naona hoja imekwisha: kuiga ni kitu kimoja, kughushi ni kingine.

Uigaji ulifika hadi Uarabuni. Wasaba wa Yemen waligonga bundi wao na kutia herufi za Kisaba kwenye shavu la Athena ili kuonyesha thamani. Upande wa Ghuba, huko Mleiha katika Sharjah ya leo, waliiga sarafu za Alexander, kisha mahali pa jina lake likaingia jina la Abiel, anayedhaniwa kuwa mtawala wa huko, kwa herufi za Kiaramu.

Ninaye bundi mmoja wa kuigwa. Mizani ya sonara inasema gramu 16.94. Chini ya kioo cha kukuzia, jicho la Athena limevimba na kupanda juu kuliko inavyotakiwa, majani ya mzeituni kwenye kofia yamekuwa mikwaruzo mitatu, na ile herufi ya katikati, ambayo ni kiduara chenye nukta, imekosa nukta. Aliyechonga muhuri wa kugongea sarafu hiyo alifuata umbo asilojua kulisoma. Mgongoni mwa bundi kuna pigo la patasi. Wakusanyaji wengi hulichukia pigo kama hilo, na bei hushuka. Mimi ndilo nilipendalo zaidi, kwa sababu ndani yake fedha inang'aa hadi chini. Mtu mmoja zamani hizo alitilia shaka, akapiga, akatazama, akaipokea. Mapigo ya namna hii ni ya kawaida kwenye bundi waliopita Misri na Shamu.

Hata hivyo sura peke yake haitoshi. Athens nayo iligonga sarafu nyingi kwa haraka, zingine mbovu kweli, na jicho baya halimfanyi bundi awe Mmisri. Kinachokata shauri ni mahali ilipochimbuliwa, na sarafu zipi nyingine zilitoka kwenye muhuri uleule. Ndiyo maana nawachukia wachimbaji wa usiku. Wanapoitawanya hazina iliyofukiwa pamoja, ushahidi huo haurudi tena, na anayenunua bila karatasi anawalipa kwa kazi hiyo.

Bundi wangu alikuja na bahasha ya zamani ya mwenyewe wa kwanza. Ina uzito na mwaka alioinunua, mahali hakuandika. Kwa hiyo kwenye kadi yangu nimeandika: "Kuigwa kwa bundi wa Athens, fedha, karne ya 4 KK. Huenda Misri." Neno "huenda" nimelipigia mstari.