Si kila mwenye nyonga ya bandia anahitaji antibiotiki

Kuna makala inayoshauri kila aliyewekewa nyonga au goti la bandia ameze antibiotiki kabla ya kung'oa jino. Huo ni ushauri wa zamani. Tangu 2015 chama cha waganga wa meno cha Marekani kinasema kwa kawaida hazihitajiki. Vijidudu vya kinywani huingia damuni hata mtu anapotafuna au kupiga mswaki, na maambukizi ya kiungo bandia mara nyingi huletwa na stafilokoki, yaani bakteria wanaoishi kwenye ngozi.

Wa kufikiriwa ni wachache: aliyewahi kupasuliwa tena kwa sababu kiungo hicho kiliingia usaha, mwenye kinga dhaifu sana, mwenye sukari isiyotulia. Hapo aamue daktari aliyemwekea kiungo hicho. Akikubali, ni amoksisilini (antibiotiki ya jamii ya penisilini) gramu 2 mara moja tu, yaani vidonge 4 vya miligramu 500, dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'oa jino. Hapa Bukavu mtu huenda soko la Kadutu akanunua vidonge viwili, akameza kimoja jioni na kingine asubuhi, ndipo akang'olewe mchana. Saa ile koleo linaposhika jino, dawa damuni imebaki kidogo mno, na vijidudu vinazoea dawa bure. Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema, na jamani, asipewe klindamisini, antibiotiki nyingine, kwa mazoea: inaweza kuleta kuhara kukali hata kuua.

Wenye vali bandia ya moyo wasichanganywe na hawa, wao bado wanahitaji antibiotiki ya kinga. Na anayesubiri kuwekewa goti atibu meno yake mabovu kwanza.