Mikoba Kumi ya Laptopu

Mimi ni fundi cherehani hapa Kaptembwo, Nakuru. Kabla hamjanicheka, sikilizeni kwanza.

Mwaka 2013 wanasiasa waliahidi kwamba kila mtoto anayeingia darasa la kwanza atapewa kipakatalishi. Hilo ni jina la redioni. Sisi huku tulisikia laptopu. Nikawaza, watoto wote hawa watabebea wapi? Nikakopa kwenye chama cha akina mama cha mke wangu (ndicho chama pekee kilichowahi kunipa pesa), nikanunua kitambaa kizito, zipu na sponji, nikashona mikoba kumi. Mfuko wa ndani niliuzungushia sponji kote, laptopu ikianguka isishtuke.

Kijana wangu akaanza darasa la kwanza 2014 na mkoba namba moja. Ndani ya sponji: chapati.

Kufika 2016 vyombo vikaanza kuletwa, tena si laptopu bali tableti, za darasa la kwanza. Wangu yuko la tatu! Nikauliza kama anaweza kurudishwa nyuma kidogo. Mama yake alinitazama jicho ambalo sitalieleza hapa. Mwaka 2025 kijana amefanya mtihani wa kidato cha nne, na ndevu zake zimeshinda zangu.

Tena nilikuwa nimeonywa. Wale wa 2002 walisema katiba mpya ndani ya siku 100. Tukaipata Agosti 2010. Siku moja nilimwomba mwenye nyumba siku mia za namna hiyo. Akaniambia siku zake zina saa 24.

Mikoba tisa je? Mke wangu anauza mayai, na sponji ile, wallahi, yai halipati ufa. Deni la chama lililipwa na kuku.

Juzi akaingia kijana mwenye kofia ya chama, kile kingine sasa. Uchaguzi ni Agosti 2027, anataka bendera mia mbili.

"Mzee, wewe shona tu. Tukishinda tunakulipa."

Nikatoa mguu kwenye cherehani. Nikamwambia alete pesa ya kitambaa kwanza.

"Ah, mzee! Usiwe hivyo, angalia mbele."

Nikaangalia mbele. Mama watoto alikuwa anavuka barabara na mkoba wa laptopu begani, akipiga hatua taratibu kama aliyebeba mtoto mchanga, na mwenye boda amesimama kabisa kumpisha.