Jina la Okot p'Bitek linataka uwanja wa kucheza, kibao peke yake hakitoshi

Juzi tumekaa baada ya mazoezi, mmoja wetu akasema siku hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda, tukipata ukumbi wetu wa sanaa jina ni moja tu, Okot p'Bitek, yule mshairi wetu wa Kiacholi. Wote tukakubali palepale. Kumbe kijana mmoja wa miaka 16, tunacheza naye larakaraka, ngoma yetu ya vijana, kila Jumamosi, hajaelewa, akauliza, huyo alikuwa mbunge wa wapi?

Iliniuma jamani. Okot kazaliwa hapahapa 1931. Mama yake, Lacwaa, alikuwa mwimbaji na mchezaji ngoma hodari, na mimi naamini shule yake ya kwanza ilikuwa kwa huyo mama. Mpira ndo ulimpeleka Uingereza 1956 na timu ya taifa, wenzake wakarudi yeye akabaki anasoma, Bristol, Aberystwyth mpaka Oxford, na bado aliporudi hakutuona washamba. Alianzisha tamasha la sanaa hapa Gulu, halafu 1966 akapewa National Theatre ya Kampala, Mwafrika wa kwanza kuiongoza, na ngoma za vijijini zikapata nafasi kwenye nyumba iliyokuwa imezoea michezo ya kizungu tangu ifunguliwe 1959.

Sasa mtu kama huyo ukimwandika juu ya mlango halafu ndani kila wiki ni harusi na semina, umemheshimu wapi? Mwaka jana tulilipia ukumbi fulani hapa mjini, tumefika na ngoma zetu na vibuyu vyetu tunakuta viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, bibi harusi yuko njiani, tukaambiwa rudini wiki ijayo. Tukaenda kucheza chini ya mwembe na watu walikuja wengi tu, mpaka mvua ikatufukuza.

Na hata huo ukumbi wenyewe, nikisema ukweli, haututoshi. Bwola, ngoma yetu ya kifalme, inachezwa kwa duara, wanaume wanazunguka na ngoma mkononi, wanawake ndani, sasa utaipandisha vipi kwenye steji ndogo ya mbao ambayo watu wanaiangalia upande mmoja tu, kama televisheni? Mimi nataka kitu cha duara, sakafu ya udongo ulioshindiliwa ili njuga zisikike vizuri, paa kubwa kwa ajili ya mvua, watu wakae kuzunguka. Bei yake wala sio ya kutisha. Gulu inaitwa jiji tangu 2020, hatukosi kiwanja.

Wengine wataniambia kuna barabara mbovu na hospitali hazina dawa. Ni kweli kabisa. Lakini tusisahau ile vita ya waasi wa Kony ilichukua nini. Watoto walikua kambini, jioni watu wanajifungia kwa hofu, wang oo, moto wa jioni wa kukaa pamoja, ikazimika, na kwenye ule moto ndo mzee alikuwa anakupa hadithi, mafumbo, nyimbo, na historia ya ukoo wako. Kizazi kizima kilikosa hiyo, na ndo wazazi wa hawa vijana wetu. Kijana atamjuaje Okot kama hata baba yake hakuambiwa?

Yule kijana nimemwazima nakala yangu ya Song of Lawino, shairi refu la Okot, ameshafika katikati. Jumamosi ameniuliza kama kuna mtu bado anazijua nyimbo za yule mama Lacwaa. Kuna bibi mmoja upande wa Layibi, nyimbo za zamani anazo nyingi, nitampeleka tukamuulize.