Mashabiki Huihukumu Albamu Iliyopita

Tangu Julai 2015 albamu mpya hutoka Ijumaa karibu dunia nzima, na kwa kuwa huduma za kusikiliza muziki huziachia saa sita usiku, mchezo ni uleule kila bendi ya indie (yaani ya lebo huru, nje ya kampuni kubwa za muziki) yenye jina inapoleta kazi. Ikifika saa sita na dakika kumi hukumu zinamwagika. "Hawa wamekwisha." "Hii ndiyo kazi bora ya maisha yao." Albamu yenyewe ni ya dakika arobaini. Spotify huhesabu kuwa wimbo umesikilizwa ukishafika sekunde 30, na nina shaka baadhi ya wahakiki wetu wa usiku wa manane nao huishia hapohapo.

Haraka yenyewe hainisumbui. Mtu aliyesubiri miaka mitano ana haki ya kupiga kelele mlango ukifunguliwa, kwa furaha au kwa hasira. Kinachonikera ni kelele hizo kuitwa uhakiki wa albamu mpya. Zisome kwa makini uone zinazungumzia nini: karibu zote zinazungumzia albamu iliyopita.

Chukua Arctic Monkeys, bendi ya roki ya Uingereza. Septemba 2013 walitoa AM, albamu ya gitaa zito, ngoma za mwendo wa pole na sauti nyembamba za kuitikia nyuma, na ndiyo iliyowavusha hadi kwa watu wasiofuatilia roki kabisa. Kisha kimya. Tarehe 11 Mei 2018 ikaja Tranquility Base Hotel & Casino, bila hata singo moja, wimbo wa kutolewa peke yake, ya kuitangulia. Mwimbaji wao, Alex Turner, alikuwa amezawadiwa piano na meneja wake alipotimiza miaka thelathini, akaketi nyumbani akatunga kwenye piano hiyo. Kilichotoka ni hoteli ya kubuni kwenye Mwezi, mwimbaji anayesimulia kama mtumbuizaji aliyechoka wa ukumbi wa kitajiri, na gitaa linalochungulia mlangoni halafu linaondoka.

Nilifuatilia maoni ya wiki ile ya kwanza kwa hamu zaidi kuliko nilivyosoma magazeti ya muziki. Malalamiko yalikuwa na sura moja. Gitaa liko wapi? Ngoma za kuruka nazo ziko wapi? Huyu si angetoa albamu ya peke yake tu, asiwaburuze wenzake? Hakuna hata swali moja kati ya hayo lililohusu kilichomo. Yote yalihusu kisichokuwemo. Mtu akikuambia chakula ni kibaya kwa sababu si kile cha jana, hajakuambia lolote kuhusu chakula cha leo.

Na kilichomo kilikuwa kinawatazama wao machoni. Wimbo wa kwanza unafunguliwa na mwimbaji anayekiri kwamba alichotaka zamani ni kuwa mmoja wa The Strokes tu, bendi ya roki ya New York, halafu anamwambia mtu atazame mkorogo aliomfanya aufanye. Mbele kidogo kuna "Four Out of Five", kuhusu mgahawa uliofunguliwa juu ya Mwezi ukapewa nyota nne kati ya tano. Wimbo mzima ni tangazo la mahali pasipokuwepo, linalojisifia alama lilizopewa, na kadiri unavyoendelea sauti inapandishwa ngazi, kisha inapandishwa tena, kama muuzaji anayeona mteja anaondoka. Bendi imetoa wimbo kuhusu watu wanaogawa nyota, na mashabiki wakaupokea kwa kugawa nyota. Sijui kama Turner alicheka. Mimi nilicheka.

Kichekesho kingine ni kwamba waliolalamika walinunua. Santuri za albamu hiyo ziliuzwa takriban 24,500 Uingereza katika wiki ya kwanza, na wakati ule ilitajwa kuwa santuri iliyouzwa kwa kasi zaidi nchini humo kwa miaka ishirini na mitano. Kwa hiyo lile zogo la "wamekwisha" halikuwa la watu wanaoondoka. Lilikuwa la wenye nyumba wanaogombana sebuleni.

Nasema wenye nyumba kwa makusudi. Shabiki wa msanii mkubwa wa pop anaweza kumpenda sana, lakini anajua kwamba nyuma yake kuna kampuni, bajeti na matangazo. Shabiki wa bendi ya indie anaamini ameijenga kwa mikono yake, na mara nyingine ni kweli tupu. Arctic Monkeys walipoanza pale Sheffield walichoma nyimbo zao za majaribio kwenye CD wakazigawa bure kwenye maonyesho. Mashabiki ndio waliozipandisha kwenye intaneti na kuzisambaza, na hata ukurasa wa bendi wa MySpace, mtandao wa kijamii wa siku zile, ulifunguliwa na mashabiki. Albamu yao ya kwanza ilipotolewa na lebo ya Domino Januari 2006, iliuza nakala zaidi ya 360,000 wiki ya kwanza Uingereza. Hakuna tangazo lililofanya hivyo. Ukishabeba matofali namna hiyo, halafu siku moja ukute aliyeingia chumba cha mbele ameondoa gitaa na kuweka piano, utasema ni piano nzuri?

Kwa hiyo hasira naielewa. Lakini kuna kizazi kingine sasa kinachodai umiliki uleule bila kubeba tofali lolote, nacho kinaimba wimbo uleule wa "turudishieni". "I Wanna Be Yours", wimbo wa mwisho kabisa wa AM, ulikuja kuwaka upya kupitia video fupi za mitandaoni miaka mingi baada ya kutoka, na umesikilizwa mara zaidi ya bilioni moja. Walioingia kwa mlango huo walimkuta Turner wa 2013 akiwa na koti la ngozi na nywele zilizolainishwa nyuma. Albamu yao The Car ilipotoka Oktoba 2022 ikiwa na vinanda vya nyuzi na mwendo wa pole sana, wao nao walishangaa kwa nini si AM. Mashabiki wa 2006, kwa taarifa yao, walikuwa na manung'uniko yao kuhusu AM yenyewe: polepole mno, Kimarekani mno. Kila kundi linadhani bendi ilianza siku lilipofika.

Sasa upande wa pili, maana nao una watu wake wa kuchosha. Ukisema albamu mpya hujaipenda, hakosekani mmoja wa kukuambia hujaielewa, irudie mara kumi. Ushauri huu una ujanja ndani yake. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu huelekea kukipenda kitu kwa sababu tu wamekutana nacho tena na tena, hata kiwe ni alama zisizo na maana yoyote. Ukirudia albamu mara kumi na ikaanza kukukaa, huenda umegundua uzuri uliokuwa umejificha, au huenda umezoea tu. Kurudia peke yake hakuthibitishi kitu. Na kuna albamu ambazo hazikomai hata uzipe miaka. Everything Now ya Arcade Fire, bendi ya Kanada, ya 2017, nimeirudia kwa nia njema kabisa na bado naiona nyembamba, yenye kejeli kuhusu matangazo ambayo yenyewe ilitangazwa kwa vituko vingi kuliko nyimbo. Hawa ndio walioshinda Grammy ya Albamu ya Mwaka Februari 2011 kwa The Suburbs, wakiwa na lebo ndogo ya Merge, huku watu wakiulizana mtandaoni hawa ni nani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndiyo hayo. Shabiki aliyelalamika mwaka 2017 alikuwa sahihi, na alikuwa sahihi kwa sababu alitaja vitu: mashairi haya, kiitikio kile, wimbo uliowekwa mara mbili kwa mwendo tofauti bila sababu.

Hapo ndipo ninapopima. Sihesabu ni mara ngapi mtu amesikiliza. Natazama tu kidole chake kinaelekea wapi. Akisema ngoma zimezikwa chini ya besi kwenye wimbo wa tatu, nitakwenda kusikiliza wimbo wa tatu hata kama ameandika dakika kumi baada ya saa sita. Akisema "bendi imetusahau", hilo ni la kati yake na bendi, namwachia.

Na isidhaniwe nadharau masikio ya mashabiki. Yapo yaliyowashinda wataalamu waliolipwa. Mwaka 2001 Wilco, bendi ya Marekani, walimaliza albamu ya Yankee Hotel Foxtrot, lebo yao ya Reprise ikaikataa, bendi ikaondoka na kanda zake. Septemba ile wakaiweka yote kwenye tovuti yao, yeyote aisikilize bure. Walipokwenda kutumbuiza, watazamaji wakaimba nao nyimbo za albamu ambayo dukani haipo. Aprili 2002 lebo ya Nonesuch ikaitoa, na Nonesuch nayo ilikuwa chini ya kampuni ya Warner kama Reprise, yaani kampuni mama ileile ililipia albamu moja mara mbili. Wale mashabiki hawakuwa wameambiwa na mtu yeyote kwamba ni nzuri. Hawakuwa na singo ya kuwaongoza wala nyota za gazeti. Walisikia kilichomo, basi.

Kisa kinachonirudisha nyuma kila ninapotaka kuandika kitu kikali usiku wa Ijumaa ni cha Weezer, bendi ya roki ya Marekani. (Wapo watakaonikosoa kwamba Weezer walikuwa na lebo kubwa ya Geffen, si indie. Kimkataba ni kweli. Lakini nusu ya bendi za indie zilizofuata zilijifunza kutoka kwao, kwa hiyo watulie.) Albamu yao ya kwanza, ya 1994, ilikuwa tamu, safi, iliyosimamiwa na mtayarishaji Ric Ocasek. Septemba 1996 wakatoa Pinkerton, ambayo waliisimamia wenyewe: gitaa lenye makwaruzo, ngoma zinazogonga kama ziko chumba cha pili, na mwimbaji wao Rivers Cuomo akisema mambo ya aibu kuhusu upweke na tamaa zake ambayo watu wengi wasingeyaandika hata kwenye daftari la siri. Wasomaji wa jarida la Rolling Stone wakaipigia kura kuwa miongoni mwa albamu mbaya kabisa za mwaka ule. Malalamiko unayakisia: si kama ile ya kwanza.

Cuomo alisikia. Bendi ikasimama kwa miaka kadhaa. Waliporudi na albamu mwaka 2001 walimrudia Ocasek, nyimbo zikawa fupi, safi, zenye viitikio vya kushikika na mashairi yasiyomfichua mtu. Mwaka huohuo Cuomo aliisema Pinkerton vibaya hadharani kuliko wengi wa waliomsema yeye. Mashabiki wa "turudishieni ile ya kwanza" walirudishiwa, tena na mtayarishaji yuleyule. Halafu, ndani ya miaka michache, Pinkerton ikageuka albamu inayopendwa kwa ukali kuliko nyingine zote za bendi hiyo, na vijana walioichukua wakaanza kulalamika kwamba nyimbo mpya hazina ukweli.

Mwishoni mwa 2010 Weezer walianza ziara ya kupiga albamu zao mbili za kwanza nzimanzima, usiku wa kwanza moja, usiku wa pili nyingine. Pinkerton ilipewa usiku wake, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na kumbi zikaitikia neno kwa neno. Wakati huo Cuomo alikuwa ametoa na Weezer albamu sita nyingine baada yake, na hakuna hata moja aliyojianika ndani yake kwa namna ile tena.