Bosi, Inawaka!

Nimemuuliza mtu anayeuza oskiloskopu (skopu kwa mkato), ile mashine inayouchora umeme kama wimbi kwenye kioo, swali la heshima kabisa: "Habari za leo ndugu, hiyo oskiloskopu yako, chaneli zote mbili zinafanya kazi?" Amejibu, "Inawaka." Nikashusha pumzi. Nikauliza tena, kwa ule upole wa mtu mwenye shida: je, inapita majaribio yake ya ndani? "Inawaka bosi." Basi na probu zake, zile nyaya za kupimia, zipo? "Bosi wewe njoo, inawaka."

Jamani, taa ya chooni inawaka. Kiberiti kinawaka. Nyumba ikishika moto nayo inawaka, na hakuna anayekuja kuinunua. Kuwaka kumekuwa sifa lini kwa kitu ambacho kazi yake ni kupima?

Sina haja ya kuwaeleza kwa nini tunatafuta za mtumba. Mpya tunaziona kwenye picha. Tunazitazama usiku watoto wakishalala, tunasoma sifa zake mpaka mstari wa mwisho, tunaangalia na rangi ya vitufe, kisha tunazima simu tunageukia ukutani.

Mimi fundi wa bodi, na nasema hivyo bila kujikweza, ingawa nikishika pasi ya kulehemu watu huwa wanapunguza sauti. Mita ninayo. Lakini mita itakuapia kuwa volti 5 zipo na kumbe ndani ya hizo volti 5 kuna vurugu inarukaruka maelfu ya mara kwa sekunde, na hiyo ndiyo inayomzimisha mtu prosesa. Mita inakupa wastani. Mimi nataka sura. Mtu anataka kuona sura tu, ndiyo apite kwenye mikono ya watu hawa?

Maana yupo anayepiga picha kioo kikiwa kimezimwa, na ukikuza picha unamwona yeye mwenyewe humo ndani, kifua wazi, ameinua simu. Yupo anayeandika "haijajaribiwa, sina waya wa umeme", na waya wenyewe ni ule ule wa kompyuta ya mezani, ambao hata asiye na kompyuta anao miwili. Ndugu yangu, umekosa waya au umekosa ujasiri? Yupo wa "ina kasoro ndogo tu", na kasoro yenyewe ni kwamba haionyeshi kitu.

Lakini wa majuzi ndiye aliyenimaliza.

Nimefika nimekuta mashine iko juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pamewekwa redio. Pembeni amekaa mzee mmoja ambaye hauzi, hanunui, ila ana maoni. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia, "Hizo za zamani ndizo zenyewe, kijana. Za siku hizi ni karatasi." Nikasema naam mzee.

Muuzaji akaondoa redio, akavua kitambaa taratibu, akabonyeza swichi. Feni ikaanza kuvuma. Ikavuma mpaka redio ikawa haisikiki. Kioo kikapepesa, kikatulia, maandishi yakatokea. Akanigeukia mikono kifuani.

"Umeona?"

Nikamwambia nimeona, sasa tuijaribu.

"Tuijaribu nini tena? Si imewaka?"

Kwa kuniridhisha akachukua probu akainasa kwenye kile kijipini cha mbele kinachotoa wimbi la mraba la kilohezi 1, yaani mara elfu moja kwa sekunde. Wimbi likatokea. Mzee akapiga makofi. Sasa wanaojua wanajua: kijipini kile ni cha mashine yenyewe, kimewekwa pale kwa ajili ya kurekebishia probu. Inatoa wimbi yenyewe, inalipima yenyewe, inajipa na maksi yenyewe. Na kilohezi 1 ni mwendo ambao hata skopu iliyokufa nusu inaumudu. Isitoshe, pembe za lile wimbi zilikuwa zimeviringika, maana yake hata hiyo probu haijawahi kusawazishwa tangu itoke kwao. Kuna kaskurubu ubavuni, unakageuza kidogo tu pembe zinanyooka. Nikaomba bisibisi.

"Ya nini bosi? Usiifungue, ina waranti."

"Waranti ya nani?"

"Ya kwangu."

Nikavumilia. Nikauliza upana wa masafa ni ngapi, yaani inaona mawimbi ya kasi mpaka wapi.

"Mia mbili."

"Mia mbili nini?"

"Mia mbili kila kitu."

Nikainama kutazama, nikakuta namba ya mwanzo imefutwa na vidole vya watu, zimebaki sufuri mbili na MHz, yaani megahezi, mara milioni kwa sekunde. Ingeweza kuwa 100, ingeweza kuwa 500. Nikamweleza kwamba jambo hili linapimika: unaingiza wimbi lenye ukingo mkali sana, unaangalia linachukua muda gani kupanda, unagawa 0.35 kwa huo muda. Skopu ya 100 MHz inapanda kwa nanosekunde 3.5, ya 200 kwa 1.75. Nilipofika kwenye 1.75 mzee alikuwa ameshasinzia.

Nikazungusha nobu ya volti kwenda kulia. Kipimo kikaenda kulia, kikarudi kushoto, kikaruka kulia mara mbili. "Iko nyepesi hiyo," akasema muuzaji. Akaniwahi kwa kunionyesha stika ya ukaguzi ubavuni. Imeandikwa ukaguzi unaofuata ni 2006. "Unaona? Imekaguliwa mpaka 2006." Kwa fahari kabisa.

Basi nikatoa mita yangu mfukoni. Haya ni mambo ambayo mtu yeyote angefanya. Nikapima ukinzani kati ya pini ya katikati na kingo ya tundu la BNC, pale probu inapochomekwa: chaneli ya kwanza megaomu 1, safi, ya pili vilevile. Nikaingia kwenye menyu nikazibadilisha zije omu 50. Ya kwanza, 50. Ya pili, mita inasoma hewa. Kwa hiyo mtu fulani, mwaka fulani, alichomeka humo kitu kisichostahili, maana mlango wa omu 50 kwa kawaida hauvumilii zaidi ya volti 5. Ameuchoma, akafunika kitambaa, akaweka redio.

Muuzaji ananitazama kwa mshangao. "Yaani unapima kipimo kwa kipimo?"

"Ndiyo."

"Na hicho kipimo chako kimepimwa na nani?"

Hapo mzee akaamka. "Swali zuri hilo."

Nikauliza kuhusu betri. "Hii ya umeme bosi, haili betri." Nikatafuta kiti nikakaa. Kwa sababu mashine nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina betri ndogo ya lithi inayotunza namba za urekebishaji wake, na kwenye baadhi ya zile za kampuni ya Tektronix betri imefungiwa ndani ya chipu kabisa, huwezi hata kuiona. Siku ikifa, mashine inasahau kila ilichofundishwa kiwandani. Inawaka vizuri sana, ila haijui tena volti 1 ni kitu gani. Na hao hao ndio wenye kapasita zinazovuja maji yanayokula njia za bodi. Ukifungua kifuniko harufu ya samaki inakupokea. Sasa mtu mwenye mashine ya aina hiyo unamuuliza betri, anakwambia haili betri.

Akaona nimenyamaza, akadhani sijaridhika na lile wimbi. "Subiri," akasema, "nikuonyeshe wimbi la kweli." Akashika ncha ya probu mkono wa kulia, klipu ya athi, yaani ya ardhini, mkono wa kushoto, akaelekea kwenye soketi ya ukutani.

Mimi ni mtu wa taratibu. Kwenye vikao huwa nasubiri niruhusiwe ndipo niseme. Ile sauti iliyonitoka pale sijui ilikuwa imejificha wapi miaka yote. Redio ilianguka. Mzee alisimama peke yake, bila fimbo.

"Kuna nini?" anauliza, bado kaishika.

Kuna nini! Klipu ile imeunganishwa na bati la mashine, na bati limeunganishwa na athi ya ukutani. Ukiibana kwenye waya wa moto umekutanisha moto na athi kwa mkono wako mwenyewe, kupitia kiwaya chembamba ambacho hakikutengenezwa kwa shughuli hiyo. Probu inaondoka, mashine inaondoka, na wewe tunakuokota nyusi hazipo. Nimemweleza yote hayo nikihema. Akanitazama kwa huruma, akasema neno ambalo nilikuwa naliogopa tangu nazaliwa:

"Ahaa. Basi tunakata tu ule mguu wa athi kwenye plagi."

Na mzee: "Wengi hukata."

Wengi hukata! Wengi hukata, ndiyo maana wengi hawapo! Ukikata athi moto hauendi popote, unahamia kwenye bati. Zile nobu, zile kingo za BNC, kila kitu unachokishika kina umeme wa ukutani, nawe umekaa mbele yake unageuzageuza unatabasamu. Hiyo kazi ina vifaa vyake! Ipo transfoma ya kutenganisha, na unaiwekea ile pawasaplai unayoitengeneza, skopu unaiacha na athi yake. Ipo probu maalumu isiyokuwa na klipu ya athi, inapima tofauti ya ncha mbili. Ipo akili! Nani aliyewaambia kwamba ule mguu wa tatu ni pambo?

Nikaaga. Akanisindikiza mpaka mlangoni, probu bado mkononi. "Sawa bosi, lakini sema basi, wewe una ngapi?"

Na tena afadhali yeye, uongo wake unasikika. Hizi za dijitali nazo zina uongo wake wa kimyakimya. Mtu anakupa HP 54600A, mbele imeandikwa 100 MHz, na ni kweli, hajakudanganya. Ila inachukua sampuli, yaani vipimo vya papo kwa papo, milioni 20 tu kwa sekunde. Hizo 100 inazifikia kwa wimbi linalojirudia, inaliokota kipande leo kipande kesho mpaka picha inakamilika. Tukio likitokea mara moja tu, shughuli imekwisha. Na hata hizo 100 zenyewe, ukifika kwenye 100 kamili wimbi la volti 1 linaonekana volti 0.7, na hiyo ndiyo maana halali ya ile namba, wamekubaliana hivyo watu wazima wenye digrii. Au chukua Tektronix TDS 210: sampuli bilioni 1 kwa sekunde, unafurahi, unasahau kuuliza kumbukumbu. Kumbukumbu ni pointi 2,500. Ukiiweka kwenye milisekunde 1 kwa kila kisanduku cha kioo, visanduku vikiwa 10, ile bilioni imeshuka mpaka sampuli 250,000 kwa sekunde, kimya, bila kukujulisha. Hapo ingiza wimbi la 1.001 MHz uone. Itakuchorea wimbi zuri la kilohezi 1, limetulia, halina hata mkunjo. Unaweza kukesha unatafuta kwenye bodi hiyo kilohezi 1 inatoka wapi.

Halafu kuna Rigol DS1052E. Imeuzwa miaka kuwa ni ya 50 MHz, mwenzake DS1102E ni wa 100 na bei yake ya juu. Watu wakafungua wote wawili, wakakuta ndani ni kitu kilekile, tofauti ni programu tu. Yaani kuna mtu alikaa ofisini akaizuia kwa makusudi, akaenda nyumbani akala akalala. Sasa hivi kila mwenye nayo anaiuza kama "ilishafunguliwa", na ukimuuliza imefunguliwa vipi anakuonyesha skurubu.

Na probu. Hili la probu ndilo linalonipandisha presha kuliko yote. Kila skopu ya mtumba inakuja bila probu, au na probu moja iliyong'olewa ndoana ya mbele, swichi yake imekwama kwenye 1X, isiyopunguza wimbi, ambako hata skopu ya 100 MHz inageuka ya MHz chache tu. Probu mpya hutoka kiwandani na mfuko wake: ndoana, klipu ya athi, kijispringi, vipete vya rangi mbili mbili vya kutambulisha chaneli, na bisibisi ya plastiki ndogo kuliko kidole, ya kugeuzia kale kaskurubu. Vinakwenda wapi hivi vitu? Nani anavichukua? Ndoana naelewa, zinavunjika. Lakini vipete! Mimi hapa nina vipete vya buluu tu, vingi. Vya njano sina hata kimoja, na chaneli ya kwanza huwa ya njano, kwa hiyo mahali fulani yupo mtu amekaa na vipete vyangu vyote vya njano hajui avifanyie nini. Tubadilishane basi! Na kama wewe ndiye unayezikusanya zile bisibisi za plastiki, tuongee. Sitauliza umezitoa wapi. Nataka moja tu, ya chuma inagusa bati la ndani na wimbi linahama kila nikiisogeza, nimeshajaribu na kijiti cha meno, kimevunjikia humo humo, na sasa natafuta kitu cha kukitolea.