Mikutano ya kuacha pombe: wengi hukwamia mlangoni

Wanaoikosoa mikutano ya Alcoholics Anonymous, au AA, ambako wanaotaka kuacha pombe husaidiana wao kwa wao, wana hoja nzito. Hatua zake 12 zinamtaja Mungu waziwazi. Ya kwanza inamtaka mtu akiri kwamba pombe imemshinda, na wapo wataalamu wanaoona kukiri huko kunamvunja nguvu mtu anayehitaji kujengwa. Chumbani hakuna daktari, hivyo mgeni anaweza kumwangukia mjuaji anayemwambia atupe dawa alizoandikiwa hospitali, ingawa AA yenyewe inakataza wanachama kujifanya madaktari. Halafu kuna hoja inayorudiwa kuliko zote: wengi huingia mara moja, wasionekane tena.

Hiyo ya mwisho ni kweli, ila inasomwa vibaya. Inachukuliwa kuwa ushahidi kwamba mikutano haisaidii, wakati inachoonyesha ni jinsi watu wanavyofikishwa huko.

Mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, ilichapisha mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Katika kila watu 100 walioandaliwa na mshauri kuingia AA, 42 walikuwa hawagusi pombe kabisa mwaka mmoja baadaye. Kwa waliopata tiba nyingine, kama ile ya kubadili fikra na mwenendo, walikuwa 35. Kwa vipimo vingine, mfano kiasi kinachonywewa kwa siku, pande zote zilikwenda sambamba. Watu saba wanaonekana wachache mpaka ukumbuke kwamba hawapimwi dhidi ya kukaa bure, bali dhidi ya tiba ya wataalamu wanaolipwa. Mshauri akimaliza vipindi vyake anaondoka. Mkutano upo wiki ijayo, na mwaka ujao, bila kiingilio. Anayesema wanaofaulu ni wale tu waliokwisha kuazimia ajue kwamba nyingi ya tafiti hizo ziliwagawa washiriki kwa kura.

Neno la kushika hapo ni “walioandaliwa”. Utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 1981 uliwagawa watu 20 makundi mawili. Kundi moja lilipewa maelezo ya mahali na saa, kama kliniki nyingi zinavyofanya hadi leo. Kwa kundi la pili, mshauri alimpigia simu mwanachama wa AA, mgonjwa akiwa palepale, wakaongea, wakapanga kwenda pamoja. Wa kundi la pili wote walihudhuria. Wa kundi la kwanza hakuhudhuria hata mmoja. Watu 20 ni wachache, lakini wote kwa sifuri si jambo la kupita juu juu. Ndugu aliyekabidhiwa kikaratasi na kuambiwa “nenda” hajakataa msaada. Hajapelekwa.

Kwa hiyo usianze na anwani, anza na simu. Orodha za mikutano huchakaa: ukumbi hubadilika, siku husogezwa. Uliza kama kundi bado linakutana, linatumia lugha gani, na kama mkutano ni wa wazi, ambao hata ndugu anaruhusiwa kuingia, au ni wa wanaotaka kuacha pombe peke yao. Omba mtu akupokee getini. Kenya, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, nayo inaweza kukuelekeza kwenye huduma zilizopo. Pasipo na kundi karibu, mikutano ya mtandaoni ipo. Zima kamera, bando litadumu na uso wako utabaki wako. Katika mji mdogo ambako kila mtu anamjua mwenzake, hilo la uso si dogo.

Fika robo saa kabla. Mkutano huchukua saa moja hadi moja na nusu. Jina la kwanza linatosha, na “leo nasikiliza tu” ni jibu linalokubalika. Kapu la mchango likipita, mgeni halazimiki kutoa. Makundi yanatofautiana sana, kwa hiyo jaribu hata sita kabla ya kuamua. Mwanamke atafute kundi la wanawake likiwepo, na mdhamini, yaani mtu wa kukuongoza katika hatua, awe wa jinsia yako na awe amekaa bila pombe mwaka mmoja au zaidi.

Kuhusu dini, hatua zenyewe zinasema Mungu “kwa jinsi tulivyomwelewa”. Zanzibar, kwenye Waislamu wengi, nyumba za soba, yaani makazi ya wanaoacha ulevi na dawa za kulevya, zinatumia hatua hizohizo 12 kwa waraibu wa heroini. Asiyetaka Mungu atajwe kabisa ana SMART Recovery, mpango mwingine wa kusaidiana unaotegemea mbinu za kisaikolojia na wenye mikutano mtandaoni.

Kuna mtu mmoja ambaye mkutano si mahali pake pa kuanzia: anayezimua kila asubuhi ili mikono iache kutetemeka. Akikata pombe ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha kuweweseka kunakoweza kuua. Huyo aanze hospitali. Na akiwa bado kitandani, nesi au ndugu apige ile simu, ili siku ya kuruhusiwa kuwe na mtu anayemsubiri nje.